Fundo la Pima

Ukiambiwa fundi Pima alikuwa mwangalifu, kubali. Alikuwa mwangalifu kama mtu anayetembea gizani ndani ya nyumba ya watu: kila kitu alikigusa kabla hajakikanyaga.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika, hata na waliokuwa wakimsengenya. Alikuwa Pima tu, kwa sababu hakuna kilichopita mikononi mwake bila kupimwa. Redio ikiletwa, anapima. Rezista ikija mpya, ingali imenata kwenye karatasi yake, anapima. Mita yake ilining'inia shingoni kama kipimo cha daktari. Mpiga muziki wa sherehe, mteja wa siku nyingi, alizoea kusema kwamba Pima akiwekewa chai na mkewe huchovya ncha mbili za mita kikombeni kwanza, akiona haina shoti ndipo anywe.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichoegemea nyumba ya mkwewe. Dirisha lake lenye nondo lilitazama barabara. Meza ya kazi ilijaa alama za kuungua, na ukutani televisheni mbovu zilipangwa hadi darini, vioo vyao vikikodolea watu macho kama wagonjwa waliosahauliwa foleni. Harufu yake ilikuwa ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka na vumbi lililopata moto. Mwenye karakana alikuwa huyo mkwewe, Mzee Transfoma. Jina hilo alibandikwa na mafundi wenzake wa ujanani: mzito, tumbo lote shaba na chuma, na hunguruma hata asipofanya kazi yoyote.

Mzee Transfoma alikuwa na ada yake. Hakuna kifaa kilichotoka pale kabla hajakipapasa. Kikishawaka, huja akijikokota kwa magoti yake mabovu, hushika nondo ya dirisha kwa mkono wa kushoto ili asianguke, na kwa mkono wa kulia hukipiga kibao chepesi juu ya sanduku, kama anayempeleka mtoto shule. Kisha husema, "Haya, nenda. Usirudi." Wateja walipenda. Wengine walikataa kuondoka mpaka apapase.

Sasa, ili uielewe aibu ya Pima, lazima kwanza uijue rezista.

Rezista ni kitu kidogo, kama punje ya mchele iliyovaa shanga. Kazi yake ni kuubana umeme: upite, lakini kwa adabu. Iondoe, na taa ndogo ya redio itakula umeme mwingi kuliko kifua chake, iwake kwa fahari na kufa papo hapo, kama mtu aliyerithi nyumba. Ukubwa wa rezista hauandikwi kwa namba, maana hakuna pa kuandika. Huchorwa kwa pete za rangi. Kahawia ni moja, nyekundu ni mbili, kijani ni tano, na kadhalika. Pete mbili za kwanza ni tarakimu, ya tatu inakuambia ziongezwe sifuri ngapi. Kahawia, nyeusi, nyekundu: moja, sifuri, halafu sifuri mbili nyingine. Elfu moja. Mtu mwenye akili ya kawaida hujifunza kwa asubuhi moja na kusahau jina la mwalimu, lakini rangi hazisahau.

Pima hakuwahi kujifunza. Macho yake hayakutofautisha nyekundu na kijani, na kahawia alikuwa ndugu yao wa tatu. Zote kwake zilikuwa matope: matope ya leo, matope ya jana, na matope yaliyokauka. Mungu alimpa vidole vya kutengeneza saa na macho ya mbwa, halafu akampeleka kwenye kazi iliyoandikwa kwa rangi. Kama huo si utani, basi mbinguni hakuna mcheshi.

Naye Pima akafanya kama wafanyavyo wengi wenye kilema kinachofichika: akakigeuza dini.

"Rangi hudanganya," aliwahubiria wateja. "Rezista ikipata moto tumbo linabadilika, nguo zinabaki zilezile. Rangi ni ya kucha. Fundi anapima."

Na ilikuwa kweli, hilo ndilo lililouma. Redio zilizotoka mkononi mwake hazikurudi. Kapasita alizijua kama mama anavyowajua watoto wake: kwamba ni kopo la kuweka akiba ya umeme, linameza na kutapika kidogo kidogo ili sauti isitetemeke, kwamba ile kubwa ina upande wa kujumlisha na upande wa kutoa, na ukiigeuza huvimba, hupumua, kisha hupasuka na kukutemea karatasi usoni, na kwamba hata ukichomoa plagi, bado inao umeme wake tumboni, imenyamaza, inakusubiri. Dayodi nayo, alisema, ni mlango unaofunguka upande mmoja tu, kama ndoa. Wateja walicheka. Mkewe, akifagia, hakucheka.

Ndani ya karakana alikuwamo mtu wa tatu: mdogo wa mkewe, aliyeitwa Injinia kwa kejeli. Alirudi kutoka chuo cha ufundi akiwa na vitabu vyote na cheti nusu, kwa kuwa alikosana na mtihani wa mwisho. Ila macho yake yalikuwa mazima. Akishika rezista huitazama mara moja na kuitaja kama anayemsalimu rafiki, akaichomeka. Hilo Pima hakulivumilia. Kila mwenye husuda hutafuta kisu kisichoacha damu, na kisu cha Pima kilikuwa swali moja.

"Shemeji, umepima?"

"Nimesoma, shemeji. Ni elfu moja."

"Sikukuuliza umesoma nini. Chuoni ulisoma, tukaona matokeo. Nimeuliza, umepima?"

Wateja kwenye benchi waliangua kicheko, na Injinia akaifumua kazi aliyokwisha kuifunga, apime mbele yao kilichokuwa sawa tangu mwanzo. Mara nyingine Pima alimwachia afunge hadi parafujo ya mwisho ndipo amwulize. Aliona raha. Wala usimhurumie, mtu anayeficha jeraha hupenda sana kugusa la mwenzake.

Aliyeijua siri ni mkewe peke yake. Aliijua kabla ya uchumba, wakati Pima alipokuja karakana kujifunza na yeye binti alikuwa akichambua vipuri vilivyong'olewa kwenye mitambo mibovu. Siku moja alivaa gauni la kijani kibichi, na yule kijana, akitafuta neno tamu, akamwambia, "Nyekundu inakupendeza." Binti akalitazama gauni lake. Kesho yake akamwekea mbele kopo la rezista mchanganyiko azichague kwa rangi, akatazama jinsi kijana asivyotazama kopo bali anamtazama yeye usoni, akisubiri uso umwambie. Akaelewa. Akaolewa naye hivyohivyo. Shoga yake alipomwuliza aliona nini kwa mwanamume asiye hata na baiskeli, alijibu, "Huyu hawezi kunikimbia. Ataona wapi njia?" Akacheka peke yake.

Lakini alimtunzia. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumtuma nyanya. Vitunguu alimtuma, mkaa, sabuni. Nyanya alikwenda mwenyewe, hata akiwa na homa, ili mumewe asije akasimama mbele ya fungu la mbichi na mbivu akakodolewa macho na wachuuzi. Ukitaka kujua kama unapendwa, usiulize umeambiwa nini. Uliza umeepushwa na nini.

Na yeye ndiye aliyeanzisha fundo.

Unajua, mita ilimwokoa Pima kwenye rezista. Kwenye waya wa kupeleka umeme haikumwokoa. Mzee Transfoma alinunua waya wa kizamani, roli nzima, wenye nyaya tatu ndani. Mwekundu huleta umeme. Mweusi huurudisha. Kijani haufanyi kazi yoyote siku njema. Umefungwa kwenye sanduku la chuma, kazi yake ni kungoja mabaya, umeme ukivuja uuchukue na kuupeleka ardhini usije ukampitia mtu. Ni mlinzi. Ukibadilisha mwekundu na kijani, umempa mwizi sare ya mlinzi: sanduku zima linajaa umeme, tena kimya, hata taa haiwaki.

Utasema, naye si angepima? Angeweza. Mita ingemwambia kwa mlio mmoja. Lakini karakana ina dirisha, benchi la wateja, mkwe na shemeji. Kupima rezista ni uangalifu. Kupima waya mwekundu ili ujue ni mwekundu ni kujivua nguo sokoni. Kwa hiyo mkewe alimkatia nyaya nyumbani, akazivika plagi, na kwenye ncha ya pili akafunga fundo dogo kwenye mwekundu, fundo mara mbili, akalikaza kwa meno. Pima alikwenda karakana na kifurushi chake. Alishika fundo, akalichomeka panapostahili, huku akitazama juu na kupiga soga. Watu walisema: tazameni ustadi, hata haangalii!

Basi ustadi ukaigwa. Injinia naye akaanza kufunga fundo kwenye kila waya anaouandaa. Alipomwuliza shemeji yake maana yake, Pima alijikuna shingo na kusema, "Unazuia usichomoke." Injinia akaamini. Akalifunga popote palipomridhia, kwenye waya wowote uliokuwa mrefu kidogo kuliko wenzake, akawa anawaeleza wateja kwa sauti ya chuoni kwamba ni mbinu ya kuongeza uimara. Nyaya zake alizitundika kwenye msumari karibu na mlango. Pima alijua kwamba mafundo ya msumari ule ni mapambo tu. Hakuligusa kundi lile hata siku moja, wala hakumkosoa mwenye kulifunga. Angemkosoaje bila kueleza?

Ndivyo mambo yalivyokuwa Mzee Transfoma aliposhindwa na magoti yake.

Ufunguo wa karakana ulikaa shingoni mwake kwenye kamba ya kiatu. Asubuhi moja aliushika mbele ya wote wawili akasema, "Mimi na ngazi ya mlango huu tumefika mwisho. Amplifaya ya ukumbi wa sherehe ikitoka hapa salama, ufunguo huu ni wa Pima. Ninyi wengine mtakaa chini yake."

"Ninyi wengine" alikuwa Injinia peke yake. Alibaki akiuma kofia ya kalamu.

Pima alitamani ufunguo ule kuliko pumzi. Si kwa ajili ya karakana peke yake. Mwenye ufunguo hasimamiwi. Angegeuza meza ikatazama ukuta, angemfungia shemeji nje, angepima waya mwekundu mpaka achoke na hakuna jicho la kumwona. Miaka yote alikuwa akijificha hadharani. Ufunguo ule ulikuwa pazia.

Jioni ile, nyumbani, mkewe alikaa mkekani na koleo na waya, akikata na kufunga. Pima alikuwa amelala chali, akitabasamu na dari.

"Ukipewa ufunguo," mkewe aliuliza, "mdogo wangu utamfanyaje?"

"Atafute pa kwenda."

"Ni mtoto wa nyumba ile."

"Na mimi ni nani, mgeni? Kazi yake ni kusoma rangi. Akafungue saluni."

Mkewe alikaza fundo kwa meno. "Na mimi? Mimi ninayekufungia haya?"

"Wewe nini tena?"

"Hata ahsante sijawahi kuisikia. Baba anakusifu, wateja wanakusifu, nami nimekaa chini nafunga mafundo kama mfumaji vikapu."

"Mke wangu, hiyo ni kazi ya vidole. Hata nyani akifundishwa anafunga fundo."

Mwanamke aliweka koleo chini polepole, kama mtu anayeweka yai. "Basi mtafute nyani," alisema. "Nimechoka. Zilizobaki utafunga mwenyewe."

Pima alicheka, akageukia ukuta. Alijua kesho mkewe atafunga. Kila mara alifunga.

Hakufunga. Na kifurushi kikaisha siku ileile amplifaya ilipokamilika.

Ilikuwa amplifaya ya kale, sanduku la chuma zito kama jeneza la mtoto. Pima aliifanyia kazi nzuri kuliko zote maishani mwake. Alibadilisha transista mbili zilizoungua, zile zinazopokea mnong'ono upande mmoja na kutoa ukelele upande wa pili. Alizishusha kapasita kubwa umeme wake kwa bisibisi, zikalia paa! na mpiga muziki akaruka kutoka benchini. Kila kitu kilipimwa. Kilichobaki kilikuwa waya wa umeme tu, maana ule wa zamani ulitafunwa na panya. Na wateja wote wa benchi walikuwapo, na Mzee Transfoma alikuwa amesimama nyuma yake, ufunguo ukimning'inia juu ya kitovu.

Pima alipapasa kifurushi chake. Kitupu.

"Unatafuta nini, mwanangu?" Mzee aliuliza.

"Waya, baba. Ngoja nikimbie nyumbani."

"Nyumbani kufanya nini? Waya si hizo hapo zimejaa msumarini? Injinia, mpe shemeji yako waya mmoja."

Injinia alimrushia mmoja. Ulikuwa na plagi tayari, na kwenye ncha ya pili fundo dogo, la kupendeza. Pima aliushika. Nyaya tatu zilimtazama. Mweusi aliuona. Nyingine mbili zilikuwa matope, moja ina fundo.

Mkono wake ulikwenda kwenye mita.

"Ehe!" mpiga muziki alidakia. "Anaupima na waya! Jamani, leo atapima waya mwekundu aone kama ni mwekundu!"

Benchi zima lilicheka. Hata Mzee Transfoma alinguruma kwa kicheko, tumbo likatikisa ufunguo. Injinia peke yake hakucheka. Alikuwa akitazama ule mkono juu ya mita, na paji la uso wake limejikunja kidogo, kama mtu aliyesikia panya darini.

Pima aliiachia mita. Fundo ni fundo, alijiambia. Pengine amejifunza kwangu. Pengine kwa bahati. Akaushika waya wenye fundo akaulehemu kwenye swichi, panapostahili mwekundu. Ule wa pili akaukaza kwa parafujo kwenye sanduku. Alifanya huku akitazama juu na kupiga soga, kama kawaida yake, na sauti yake ilikuwa nyembamba kidogo tu.

Plagi ikaingia ukutani. Swichi ikabonyezwa. Taa haikuwaka.

"Fyuzi," alisema Pima, akainama chini ya meza kutafuta nyingine.

"Hata vifaa vina wivu," alisema Mzee Transfoma. "Hiki kinajua ni cha mwisho kwangu." Akajikokota mbele. Akashika nondo ya dirisha kwa mkono wa kushoto. Akauweka ule wa kulia juu ya sanduku, kwa upole, kama anayeamsha mtoto. "Amka, mwa—"

Hakupiga kelele. Watu hudhani mtu akishikwa na umeme hulia. Hapewi nafasi. Vidole vilivyokuja kupapasa vilijikunja vikang'ata ukingo wa chuma, vya mkono wa pili vikang'ata nondo, na katikati ya mikono hiyo mwili mzima ukakaza na kutetemeka. Sauti pekee iliyomtoka ilikuwa ngurumo, ndefu, ya chini, isiyopanda wala kushuka. Kwa mara ya kwanza jina lake lilimkaa barabara.

Injinia aliruka meza, akaing'oa plagi. Mzee akaanguka kama gunia, akiburuta bisibisi na makopo ya rezista, rangi zote zikamwagika sakafuni.

Hakufa. Ingekuwa nafuu kwa baadhi ya watu. Walimlaza kwenye benchi la wateja, macho wazi, pumzi inakuja na kuondoka, kiganja cha kulia kimeungua mstari mmoja mweupe na vidole viwili vimekataa kunyooka. Binti yake alikuja mbio kutoka uani na bakuli la maji.

Injinia alikuwa ameigeuza amplifaya. Alitazama ndani. Akatazama tena.

"Shemeji," alisema, "nyekundu umeifunga kwenye sanduku."

Hakuna aliyecheka.

"Nyekundu iko kwenye sanduku, na kijani iko kwenye swichi. Mtu mzima, mchana kweupe. Ulikuwa unaangalia wapi?"

Hapo Pima angeweza kusema: nimekosea. Maneno hayo ni mafupi, na fundi gani hajakosea? Wangemlaumu, wangemsamehe, Mzee mwenyewe alishawahi kuchoma duka la jirani. Angeweza pia kumwonyesha Injinia kidole: fundo lako limenidanganya. Lakini fundo limdanganye vipi mtu anayeona waya? Alitazama ufunguo, uliolala juu ya kifua cha mkwewe, ukipanda na kushuka. Akatafuta mtu ambaye miaka yote hakuwahi kumjibu mbele za watu.

"Ni dada yako," alisema. "Yeye ndiye huniandalia nyaya. Nilimwamini. Kakosea."

Mkewe alikuwa amepiga magoti kando ya baba yake, kitambaa kinadondosha maji. "Mimi?" alisema.

"Uwe mwangalifu, mke wangu. Umeme si mchezo. Tazama ulivyomfanya baba."

Mzee Transfoma aligeuza kichwa polepole, akamtazama binti yake. Mwanamke alilipokea jicho lile lote. Kisha akainuka, akaenda mezani, akaushika waya na kulitazama fundo.

"Hili ni fundo moja," alisema. "Langu huwa mara mbili, na lina alama za meno. Mdogo wangu, hili umelifunga wewe?"

"Mimi, dada. La kuzuia usichomoke. Si ndiyo kazi yake?"

"Ndiyo alivyokuambia?" Alitabasamu. Wote walioliona tabasamu lile wanakubaliana kwamba halikuwa la hasira, na ndiyo maana liliwatisha. Akachukua koleo, akakata vipande viwili vya waya kutoka kwenye mabaki ya mezani, akavishika kimoja huku na kimoja huku, akamsogelea mumewe mpaka pua kwa pua.

"Mume wangu kipenzi," alisema, kwa sauti ya kumbembeleza, "fundi wa mafundi. Hebu waonyeshe watu. Ipi nyekundu?"

"Huu ni wakati wa michezo?"

"Onyesha tu, baba. Halafu nitaomba radhi kwa magoti."

Pima alitazama mkono wa kushoto. Akatazama wa kulia. Akautazama uso wa mkewe, kama siku ile ya kopo, akisubiri uso umwambie. Uso ulikuwa umefungwa. Nusu kwa nusu, alijiambia. Nusu kwa nusu si mbaya.

"Huu," alisema, akagusa wa kulia.

Mpiga muziki ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha mdomoni, kisha kikawaambukiza wengine, mpaka benchi zima, aliko mgonjwa, likawa linatikisika. Vipande vyote viwili vilikuwa vya kijani.

"Haoni," mkewe aliwaambia, akivitupa sakafuni pamoja na rezista. "Hajawahi kuona. Mimi ndiye mita."

Ufunguo ulivishwa Injinia siku hiyohiyo, kwa mkono wa kushoto wa Mzee, maana wa kulia haufungi tena kamba ya kiatu. Vidole viwili vimebaki vimejikunja kiganjani. Vifaa sasa hupapaswa kwa mkono wa kushoto, tena baada ya plagi kuchomolewa.

Pima hakufukuzwa. Injinia alikataa katakata. "Aende wapi? Fundi mzuri huyu," alisema, na macho yanang'aa. Bado anapima kila kitu, na redio zake bado hazirudi, na hakuna anayelitaja hilo. Wateja huja hata bila kifaa kibovu. Hukaa benchini, hunyoosha kidole kwenye shati, kwenye paka, kwenye gari linalopita. "Pima, ile rangi gani?" Naye hujibu, kwa sababu akinyamaza Injinia huinua kichwa na kuuliza kwa upole, "Shemeji, umepima?"

Nyumbani hakuna ugomvi. Chai inawekwa, nguo zinafuliwa. Ila jana asubuhi, majirani wakiwa wamejaa uani, mkewe alimkabidhi kikapu.

"Kaninunulie nyanya," alisema. "Zilizoiva."

Majirani walishusha ndoo zao. Pima alichukua kikapu akaenda. Sokoni alisimama mbele ya fungu la matope ya mviringo, akafikiri, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akapata wazo. Kiliteketea kila kitu, lakini vidole bado anavyo. Nyanya iliyoiva ni laini. Akainama, akaiminya ya kwanza taratibu kwa kidole gumba. Ngumu. Akaiminya ya pili. Ikabonyea. Akaitia kikapuni. Akaiminya ya tatu, ya nne, na kitu kama tabasamu kikaanza kumjia.

Mchuuzi alimpiga kofi la mkononi.

"Mzee, acha kuniminyia nyanya zangu! Rangi si unaiona?"